Paka kapewa dawa, minyoo imerudi: siri ilikuwa kwenye ini la panya

Wafugaji wa paka wanaijua hii. Mtu anaona vitu kama punje za mchele vinajongea chini ya mkia wa paka wake, anakimbia duka la dawa za mifugo, paka anamezeshwa kidonge, mambo shwari. Baada ya miezi miwili, punje zile zile hizo hapo! Lawama zote kwa muuza dawa: kauza feki. Kumbe mara nyingi dawa haina kosa. Swali lenyewe ni minyoo inatoka wapi, na hilo liliwatesa wasomi wa Ulaya miaka mingi.

Zamani wengi waliamini minyoo inajizalia yenyewe tumboni. Miaka ya 1840, mtaalamu mmoja wa Ujerumani akagundua kuwa mdudu aliyemo kwenye vifuko vyeupe vya ini la panya ana kichwa kama cha tegu wa paka. Alikaribia kabisa, ila akateleza: akadhani ni tegu aliyepotea njia, akaingia kwa mnyama asiye wake na kuugua.

Daktari mwingine wa huko huko, mtu wa dini, akagoma. Kwake Mungu haumbi kiumbe ili kipotee njia. Miaka ya 1850 akaanza kuwalisha vifuko hivyo wanyama walao nyama. Walipopasuliwa, wakakutwa na tegu. Mwaka 1855 akavuka mpaka: akatumia mfungwa aliyehukumiwa kifo, ambaye alitiliwa vifuko vya nyama ya nguruwe kwenye chakula bila kujua. Baada ya kuuawa, tegu wachanga walikutwa kwenye utumbo wake. Leo jaribio hilo lingemfikisha mahakamani, lakini siri ilishafichuka: tegu hukulia kwa mnyama mmoja, akaliwa na mwingine.

Mwaka 1889 watafiti wa Italia wakamtaja kiroboto. Paka anapojilamba humeza kiroboto mwenye tegu mchanga ndani yake, na huyo ndiye tegu wa zile punje za mchele. Mwaka 1971 Marekani ikaonyeshwa kuwa minyoo ya mviringo hupita kwenye maziwa ya mama. Ndiyo maana kitoto cha paka ambacho hakijawahi kutoka nje kinaweza kuwa na tumbo kama ngoma.

Na si paka tu anayeumia. Mwaka 1950, huko huko Marekani, yalichunguzwa macho ya watoto ambayo mengine yalitolewa kwa hofu ya saratani. Ndani ya mengi wakakuta minyoo michanga. Baadaye ikajulikana ni jamii ya minyoo ya mbwa na paka, hasa ya mbwa. Mtoto huipata kwa kumeza mayai yaliyomo kwenye udongo au mchanga wenye kinyesi.

Miaka ya 1970 kampuni za Ujerumani zikaleta prazikwanteli, kiboko cha tegu. Wa Kanda ya Ziwa wanaijua vizuri, maana ndiyo wanayopewa wanafunzi kutibu kichocho. Lakini haiui minyoo ya mviringo, ndiyo maana vidonge vingi vya paka huchanganya dawa mbili. Na hakuna inayomzuia paka kumeza kiroboto mwingine kesho yake.

Basi mambo ni haya. Kitoto cha paka huanza dawa kikiwa na wiki tatu hivi, kisha kila wiki mbili hadi wiki mbili baada ya kuacha kunyonya, na mama yake apewe pia. Paka mkubwa anayewinda panya apewe angalau kila miezi mitatu. Dozi hufuata uzito, kwa hiyo apimwe kwanza. Viroboto wauawe pamoja na minyoo, godoro lake lifuliwe, lakini asipakwe dawa ya viroboto ya mbwa: nyingine zina pemethrini, na hiyo inaua paka. Kinyesi kizolewe kila siku, maana mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Na watoto wanawe mikono wakitoka kucheza mchangani.

Kidonge kinamsafisha paka wa leo. Wa kesho yuko mikononi mwa kiroboto na panya. Je, wa kwako alipewa dawa lini mara ya mwisho, na viroboto wake je?