Mwana wa Kapteni wa Kata ya 3

Kabla ya kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago, Harold Washington alikuwa mwana wa Roy, na mimi humfuatilia zaidi kwa cheo hicho. Roy alikuwa mwanasheria, mhubiri wa Kimethodisti, na kapteni wa chama cha Democratic katika Kata ya 3, kusini mwa jiji, enzi ambazo weusi wengi bado walikuwa wa Republican, chama cha Lincoln. Sisi tuliokulia Tanzania ya balozi wa nyumba kumi tunaijua kazi hiyo. Kapteni anajua nani kafiwa, kijana gani anatafuta kibarua cha jiji, na siku ya kura anagonga milango hadi wa mwisho atoke. Marehemu baba yangu alikuwa balozi. Mama hakuupenda ubalozi ule, maana wenye shida hawakuchagua saa ya kubisha hodi.

Wazazi wa Harold walipoachana, yeye alibaki kwa baba. Mwaka 1947 Roy aligombea udiwani, akaangushwa; mwaka 1953 akafariki. Harold alikuwa amehitimu sheria Northwestern mwaka mmoja tu kabla. Chama kikampa nafasi ya baba yake katika ofisi ya wanasheria wa jiji, akafanya kazi za kata chini ya Ralph Metcalfe, yule mkimbiaji aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Jesse Owens katika mita 100 kule Berlin mwaka 1936. Urithi wenyewe ulikuja na mdai: ajira ilikuwa ya chama, na chama kilikuwa mkononi mwa Richard J. Daley, meya kuanzia 1955.

Ukaja uchaguzi wa 1964, kituko cha aina yake. Wakubwa wa Illinois walishindwa kukubaliana mipaka mipya ya maeneo ya uchaguzi, hivyo viti vyote 177 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo vikapigiwa kura na jimbo zima kwa mkupuo. Kila chama kilisimamisha watu 118. Mpiga kura akakabidhiwa karatasi yenye majina 236, ndefu hata watu wakaiita shuka. Nani angeyasoma yote? Wengi walikichagua chama tu, na wagombea 118 wa Democratic wakapita wote. Aliyeongoza kwa kura alikuwa Adlai Stevenson III, ambaye baba yake aliwahi kuwa gavana na kugombea urais mara mbili. Upande wa Republican aliongoza Earl Eisenhower, mdogo wake rais mstaafu. Jina la ukoo lilitosha kuwa kampeni. Jina la Roy halikujulikana nje ya Kata ya 3. Harold alipita kwa sababu chama kilimwandika.

Kule Springfield, makao makuu ya jimbo, watu wa Daley walipewa karatasi ya kuwaelekeza wapige kura gani kwa kila muswada. Wenyewe waliiita kadi ya majuha. Harold akaanza kuipuuza. Daley alimwambia Metcalfe zaidi ya mara moja amtoe mtu huyo, lakini Metcalfe alisita: vijana wa chama katani walikuwa wa Harold, na kumfukuza kungewaondoa nao. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kugonga milango kulipomlipa.

Wanaomsifu hupita mbio mwaka 1972, alipofungwa zaidi ya mwezi kwa kutowasilisha hesabu za kodi. Lakini wapiga kura hawakumtupa. Mwaka 1973 muswada alioupigania wa sikukuu ya Martin Luther King ukawa sheria, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuitambua. Nchi nzima ilifuata miaka kumi baadaye.

Alipohamia Seneti ya jimbo baada ya uchaguzi wa 1976, alimkuta humo Richard M. Daley, mtoto wa meya. Wana hao wawili walikutana tena kwenye mchujo wa Democratic wa umeya wa 1983, wakimkabili Meya Jane Byrne. Harold alipata takriban asilimia 36, Byrne 33, Daley 30.

Harold akawa meya, na alifariki akiwa madarakani, Novemba 25, 1987, bila mtoto. Mwaka 1989 Richard M. Daley akakitwaa kiti, akakikalia miaka 22, mmoja zaidi ya baba yake.