Watu 36 Walioshuka Mikindani

Mlango wa mto Ruvuma una mikoko na matope mengi, wala si mahali pa kumshusha ngamia. Kwa sababu hiyo Daktari David Livingstone, alipofika huko kutoka Unguja mwezi wa Machi, 1866, aligeuka kaskazini, na tarehe 24 ya mwezi huo akashuka katika hori ya Mikindani. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 pamoja na ndama, baghala 2 na punda 4. Watu wake, yeye mwenyewe asipohesabiwa, walikuwa 36.

Habari za wanyama hao, jinsi walivyoumwa na mbung'o na kupigwa hata wakafa, zimeandikwa mara nyingi. Habari za watu zimeandikwa pia, lakini kwa namna moja tu: huyu alikuwa mwaminifu, yule alitoroka. Ni mara chache kuulizwa kila mmoja alikuwa na kazi gani, aliipataje, na ilimfikisha wapi. Na bila swali hilo safari yenyewe haieleweki vyema.

Walikuwa mafungu matano. Askari wa Kihindi 13 walitoka katika kikosi cha baharini cha Bombay. Hao walikuja kwa amri. Watu 10 wa kisiwa cha Anzwani walikuja kwa ujira. Mkuu wao Musa alikwisha kuwa baharia katika chombo cha Livingstone. Vijana 9 walitoka Nasik, Bara Hindi. Hao walikuwa watoto wa Kiafrika waliotekwa na wachuuzi wa watumwa, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, kisha wakapelekwa kulelewa katika shule ya misheni, wakafundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Wawili, Susi na Amoda, walikuwa watu wa Shupanga katika mto Zambezi, walioanza kwa kazi za chomboni. Mwaka 1864 walivuka bahari pamoja na Livingstone katika merikebu ndogo, siku 45 kutoka Unguja mpaka Bombay, na huko wakapata riziki yao gatini. Wawili wa mwisho walikuwa Wayao, Wikatani na Chuma, waliotolewa katika msafara wa watumwa katika nchi ya Shire mwaka 1861, wakiwa watoto, na baadaye wakasomeshwa Bombay.

Basi siku ile pwani, kama mtu angaliulizwa ni nani mwenye kazi iliyo imara, bila shaka angaliwaonyesha askari, wenye bunduki na mshahara wa serikali. Chuma hakuwa na kazi yenye jina.

Kazi ya kwanza iliyohitajiwa haikuwa ya yeyote kati ya watu 36. Njia kutoka Mikindani kwenda Ruvuma ilikuwa ya watu wa miguu wenye mizigo kichwani. Ngamia hakuweza kupita kwa urefu wake na upana wa mzigo wake. Ilibidi kuajiri Wamakonde wenye mashoka na mundu, wakafyeka vichaka na kukata mitambaazi, wakilipwa nguo. Livingstone alistaajabia wepesi wa mikono yao. Ufundi huo haukuanza siku ile, kwani Mmakonde hulima katika pori lililosongamana, na asiyejua kufyeka hali. Karibu na njia walikuwako pia wachimbaji wa sandarusi, waliotafuta ardhini utomvu wa miti iliyokwisha kutoweka zamani, na sandarusi hiyo ilisafiri ng'ambo kutengenezwa vanishi. Majina ya wafyekaji na ya wachimbaji hayakuandikwa.

Mafungu yalianza kuvunjika upesi. Askari walirudishwa pwani mwezi wa Julai, 1866. Waliwatesa wanyama, wakasita kutembea, wala hapakuwa na wa kuwalazimisha. Kijana mmoja wa Nasik, Richard, alikufa njiani. Wikatani, walipofika upande wa kusini wa ziwa Nyasa, alisema amempata ndugu yake, akabaki. Mwezi wa Septemba watu wa Anzwani waliposikia kuwa Wangoni wako mbele, waliweka mizigo chini wakarudi. Walipofika Unguja walisema Livingstone ameuawa, na maneno yao yaliaminiwa na wengi mpaka E. D. Young alipotumwa mwaka 1867 akathibitisha kuwa ni uwongo.

Watu wa Anzwani wamelaumiwa sana, na uwongo wao hauna udhuru. Lakini kukataa kuingia penye vita ni jambo jingine. Waliajiriwa kuchukua mizigo, hawakuajiriwa kufa. Isitoshe, hata Chuma na Susi walimkatalia Livingstone mwaka 1868, alipotaka kwenda Bangweulu. Walibaki nyuma, kisha wakarudi kazini, naye akawapokea. Kwa hiyo sifa ya uaminifu peke yake, ambayo vitabu vya Ulaya viliwavika kwa miaka mingi, haielezi habari yao. Yaliyowatenga na wenzao ni kwamba safari iligeuka kuwa ufundi wao.

Na ufundi huo ulikuwako kabla ya Mzungu yeyote. Wayao na Wanyamwezi walikwisha kuleta pembe pwani vizazi vingi, na msafara ulikuwa na daraja zake: mpagazi, askari, mpishi, mkalimani, kirangozi atanguliaye mbele, na mnyapara asimamiaye wote. Mtu aliyeanza na mzigo aliweza kupanda. Alipaswa kujua kupatana hongo na wenye nchi, kugawa posho, kupima maji ya kesho, kusuluhisha ugomvi wa kambini. Hayo hayakufundishwa Nasik wala Bombay.

Daraja hizo hazikuwa sawa kwa wote. Halima, mke wa Amoda, ambaye hakuwamo katika wale 36, alikuwa mpishi wa Livingstone katika miaka ya mwisho. Mwaka 1872 Livingstone aliandika kwamba atamweka huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja. Hakuishi kulitimiza.

Livingstone alipokufa kwa Chitambo, mwanzo wa Mei, 1873, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Farijala alikuwa zamani mtumishi wa tabibu mmoja Unguja, akaona mengi huko. Yeye ndiye aliyepasua mwili na kuutia chumvi. Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyekuja baadaye, alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi mtini. Susi na Chuma waliongoza. Njiani walipoona kuwa wenyeji watakataa maiti kupitishwa katika nchi zao, waliufunga mwili upya ukafanana na mtumba wa nguo, na furushi jingine lisilo na kitu wakalirudisha nyuma hadharani. Hiyo ilikuwa hila ya wasafiri wazoefu.

Walifika Bagamoyo Februari, 1874. Kaimu balozi wa Kiingereza aliwalipa ujira wao, wakatawanyika. Aliyesindikiza jeneza mpaka Uingereza ni Jacob, kwa fedha za misheni. Chuma na Susi hawakuwako London tarehe 18 Aprili, siku ya maziko. Waliitwa baadaye mwaka huohuo kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakamsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha safari za mwisho, kwa kuwa mambo mengi ya kitabu hicho yalikuwa vichwani mwao tu.

Waliporudi hawakukosa kazi. Chuma aliwaongozea wamisionari wa UMCA misafara yao, nao mwaka 1876 waliwakalisha Masasi watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1879 alikuwa mnyapara wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mkuu wa msafara huo, Keith Johnston, alipokufa Behobeho, alibaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 asiyejua nchi. Thomson aliufikisha msafara maziwani na kuurudisha pwani salama, na kwa sehemu kubwa sifa hiyo ni ya Chuma. Susi wakati huo alikuwa Kongo pamoja na Stanley.

Mwaka 1881 Sultani Barghash alimwajiri Thomson kutafuta makaa ya mawe katika Ruvuma, na Chuma akauongoza msafara huo kutoka Mikindani. Yule mtoto wa mnyororo, aliyeshuka hapo miaka 15 nyuma nyuma ya ngamia wa mtu mwingine, sasa alikuwa yeye achaguaye wapagazi na kupanga mizigo. Walipanda uwanda wa Wamakonde, wakafika mahali palipotajwa, wakakuta mawe meusi yasiyofaa kuwashwa. Sultani hakupendezwa. Chuma alirudi Unguja, akafa mwaka uliofuata. Susi alibatizwa huko mwaka 1886 kwa jina la David, akafa mwaka 1891.