Aliyeandikiwa kuwa haajiriki akapewa idara aiongoze

Mwaka 2025 ilitimia nusu karne tangu Gavana Jerry Brown wa California amteue Ed Roberts kuwa mkurugenzi wa Idara ya Utengamao ya jimbo hilo. Kwa kawaida uteuzi wa mkurugenzi wa idara husahaulika kabla mwaka haujaisha. Huu unakumbukwa kwa sababu idara aliyokabidhiwa Roberts mwaka 1975 ndiyo ile ile ambayo, miaka kama 13 nyuma, ilimfungulia jalada, ikamtazama kijana aliyepooza kuanzia shingoni kwenda chini, ikaandika kwamba huyu hana matumaini ya kuajiriwa.

Kwa msomaji wa kwetu, utengamao wa kikazi unafanana na kazi ya vyuo vya ufundi stadi na marekebisho, kama kile cha Yombo, Dar es Salaam: kumpokea mtu mwenye ulemavu, kumpa ujuzi na vifaa, kisha kumtafutia ajira. Marekani waliuanza mwaka 1918 kwa ajili ya askari waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 2 Juni 1920 Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya Smith-Fess, raia wa kawaida nao wakaingizwa, ila wale tu wenye ulemavu wa viungo. Wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi 1943.

Wakati huo huo ikawa inajengwa taasisi nyingine, ya ruzuku. Mwaka 1950 serikali kuu ilianza kuchangia msaada kwa maskini waliohesabiwa kuwa na ulemavu wa kudumu na usiobakiza kitu. Mwaka 1956 ikaongezwa bima ya ulemavu kwa waliokuwa wamechangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Ili upate bima hiyo ilikubidi uthibitishe, kwa vyeti vya daktari, kwamba huwezi kufanya kazi yoyote ya maana.

Hapo ndipo lilipo fundo la habari hii. Kuanzia sheria ya mwaka 1954, kila aliyeomba kutambuliwa kuwa na ulemavu katika hifadhi ya jamii alitakiwa apelekwe kwa rufaa, bila kuchelewa, kwenye idara ya utengamao ya jimbo lake. Baadaye aliyekataa huduma hiyo bila sababu ya msingi aliweza hata kukatwa malipo. Kwa maandishi jambo lilionekana la busara: usimpe mtu posho tu, mwoneshe na njia ya kazi. Lakini fikiria hali ya mtu mwenyewe. Asubuhi yuko kwenye dirisha la kwanza, anaapa kwamba hawezi kazi, maana asipoapa hapati chakula. Mchana yuko kwenye dirisha la pili, anatakiwa aoneshe kwamba ataiweza kazi, maana asipoonesha hafundishwi. Neno lililompatia mkate kwenye dirisha la kwanza ndilo linalomfukuzisha kwenye la pili.

Nao washauri wa utengamao walikuwa na hesabu zao. Kwa miaka mingi jalada la mteja aliyepata kazi na kudumu nayo lilifungwa kwa namba 26, na ofisini watu walizungumza kuhusu “ishirini na sita” kama wavuvi wanavyozungumza kuhusu samaki wa siku. Mshauri alipimwa kwa wingi wa namba hizo. Mtu aliyekatika kidole angezaa 26 haraka. Mtu anayelala ndani ya mashine ya kupumulia angekula fedha na miaka, na huenda asizae chochote. Kwa hiyo wanufaika wa ruzuku waliokuja na barua ya rufaa, ambao wengi walikuwa na hali ngumu kuliko wengine, ndio walioachwa. Sisemi washauri walikuwa watu wabaya. Kipimo chao kilikuwa kibaya, na kikimharibia mtu maisha kinastahili kulaumiwa vikali kuliko mtu anayekitumia.

Ed Roberts alikutana na kipimo hicho mwaka 1962 au karibu na hapo. Habari zake nimezichota zaidi katika kitabu cha mwandishi Joseph Shapiro, No Pity, cha mwaka 1993, na katika mahojiano ya waliokuwapo yaliyohifadhiwa na Maktaba ya Bancroft ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Alizaliwa Januari 1939, akakulia Burlingame, kusini mwa San Francisco. Mwaka 1953, akiwa na miaka 14, alishikwa na polio. Ugonjwa ulimwachia uwezo wa kusogeza vidole viwili tu vya mkono wa kushoto na vingine vya mguuni, na usiku alilazimika kulala ndani ya pafu la chuma, pipa kubwa linalomsaidia mgonjwa kuvuta pumzi. Daktari alimwambia mama yake, Zona Roberts, kwamba mwanawe akipona ataishi kama mboga tu. Miaka mingi baadaye Roberts alipenda kuwasimulia watu kwamba kama ni mboga, basi yeye alichagua kuwa ile yenye miiba kwa nje na moyo laini ndani.

Zona hakuwa mtu wa kukata tamaa, na ilionekana. Shule ya sekondari ilipokataa kumpa Ed cheti kwa sababu hakuwa amesoma udereva wala mazoezi ya viungo, mama hakuondoka mpaka cheti kikatoka. Kijana akaingia Chuo cha San Mateo. Mshauri wake huko, Jean Wirth, akamshauri aende Berkeley kusoma siasa.

Kusoma Berkeley kulihitaji fedha, na fedha za kuwasomesha watu wenye ulemavu zilikuwa mikononi mwa Idara ya Utengamao. Idara ikampima. Ikaona mwili, haikuona alama zake za darasani. Jibu likawa kwamba ulemavu wake ni mzito mno, hakuna mwajiri atakayemchukua, na fedha za umma haziwezi kutumika kumsomesha mtu asiyeajirika. Wirth na wenzake wa San Mateo hawakuandika rufaa ya kimya kimya. Walikwenda magazetini. Habari ilipochapishwa idara ilirudi nyuma, ikakubali kulipa. Najivunia, kama mwandishi wa habari, kwamba mlango huo ulifunguliwa na karatasi ya gazeti.

Chuo kikuu nacho kilikuwa na mashaka yake. Pafu la chuma lilikuwa zito kiasi kwamba sakafu za mabweni hazikuaminika kulibeba. Daktari mkuu wa wanafunzi, Henry Bruyn, akatoa wazo: kijana alale kwenye Hospitali ya Cowell, ndani ya eneo la chuo, lakini aishi humo kama mwanafunzi na si kama mgonjwa. Shapiro anakumbusha kwamba msimu huo huo wa masomo wa 1962 ndipo James Meredith, kijana mweusi, alipoingia Chuo Kikuu cha Mississippi akilindwa na askari wa serikali kuu. Roberts hakuwa na askari. Alikuwa na mdogo wake wa kumsukuma, na gazeti moja lililoandika kwamba kilema asiyejiweza anahudhuria masomo.

Mwaka uliofuata akaja John Hessler, kisha wengine, hadi Cowell ikawa bweni la vijana waliojiita Rolling Quads. Idara ya Utengamao sasa ilikuwa ikigharamia mpango mzima na kumweka mshauri wake pale. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo ugomvi ukazuka. Mshauri aliyekuwa akisimamia alianza kuwapangia wanafunzi masomo na mwenendo, kisha akaamua kuwaondoa wawili kwa madai kwamba hawafanyi vizuri. Kufukuzwa Cowell hakukuwa sawa na kufukuzwa bweni la kawaida. Maana yake ilikuwa kurudi kwenye kituo cha kulelea wagonjwa, pengine kwa maisha yote. Wenzao waligoma, wakaeleza malalamiko yao kwa viongozi wa chuo na kwa waandishi wa habari. Wawili hao walibaki, aliyehamishwa ni mshauri.

Ushindi huo uliwafundisha kitu ambacho hakuna darasa la utengamao lililowahi kuwafundisha. Mwaka 1970 walianzisha ofisi yao wenyewe ya kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu, na mwaka 1972 Kituo cha Maisha ya Kujitegemea kikafunguliwa mjini Berkeley kwa ajili ya watu wote. Kutafuta wasaidizi wa nyumbani, kutengeneza viti mwendo, kumsindikiza mtu kwenye ofisi ya ruzuku na kumweleza haki zake: kazi zote hizo zilifanywa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mnufaika hakutumwa tena na barua kutoka dirisha moja kwenda lingine akiwa peke yake. Alikwenda na mtu aliyekwisha kupita njia hiyo.

Huko Washington mambo nayo yalikuwa yakisogea. Mwaka 1967 Mary Switzer, aliyekuwa ameiongoza idara ya utengamao ya taifa tangu 1950, alipewa taasisi mpya iliyounganisha utengamao na misaada ya ustawi wa jamii chini ya paa moja. Rais Nixon aliukataa muswada mpya wa utengamao mara mbili akilalamikia gharama. Mwanaharakati Judy Heumann na wenzake walifunga barabara ya Madison, New York, kwa viti mwendo vyao. Septemba 1973 hatimaye Nixon alitia saini. Sheria hiyo iliondoa neno “kikazi” katika jina lake, ikaagiza wenye ulemavu mzito wapewe kipaumbele, na kifungu chake cha 504 kikapiga marufuku ubaguzi katika shughuli zinazolipiwa na serikali kuu. Mwaka 1977 waandamanaji walikalia jengo la serikali San Francisco kwa wiki zaidi ya tatu, hadi kanuni za kifungu hicho zikatiwa saini tarehe 28 Aprili. Roberts, mkurugenzi wa idara ya jimbo, alikwenda kuwaunga mkono.

Uongozini alidumu hadi 1983. Alipeleka vituo vya maisha ya kujitegemea katika miji mingine ya California, na aliwasukuma washauri wake kuwapokea wale waliozoea kuwarudisha mlangoni. Baadaye alishiriki kuanzisha Taasisi ya Dunia ya Ulemavu, akafariki Machi 1995 akiwa na miaka 56. Kiti chake mwendo, chenye kiti cha gari la fahari na taa ya kuendea usiku, kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Baada yake miaka imekwenda haraka. Mageuzi ya ustawi wa jamii ya 1996 yaliweka ukomo wa miezi 60 kwa familia maskini kupokea msaada wa serikali kuu. Ukaguzi wa Bunge la Marekani wa 2001 ulionesha kwamba asilimia 44 ya wapokeaji walikuwa na matatizo ya mwili au ya akili. Desemba 1999 Rais Clinton, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Franklin Roosevelt, alitia saini sheria ya tiketi ya kazi: rufaa ya lazima ikafutwa, mnufaika akapewa tiketi ya kuchagua mwenyewe nani amsaidie kutafuta ajira.

Tiketi ni kitu kizuri kwa anayejua kwamba anayo. Miongoni mwa Wakongomani wanaozungumza Kiswahili waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wamo wenye ulemavu, na mkimbizi ambaye hajapata uraia hupewa ruzuku ya SSI, yaani msaada wa serikali kuu kwa maskini wazee au wenye ulemavu, kwa miaka 7 tu. Kwao miaka hiyo ndiyo muda wa kujifunza kazi, na barua zinazowaeleza njia hiyo huja kwa lugha ya ofisi. Ningependa kuona kila kanisa, kila msikiti na kila chama cha jumuiya yao kina mtu wa kusindikiza wenzake, kama walivyofanya Berkeley.

Na lile dirisha la kwanza bado lipo. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Mnufaika haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiasi ambacho hakijabadilika tangu 1989. Akipata kazi, dola 20 za kwanza na nyingine 65 za mshahara haziguswi. Kinachozidi hapo, kila dola 2 anazopata humpunguzia dola 1 ya ruzuku. Viwango hivyo vya 20 na 65 havijaongezwa hata senti. Vimo katika sheria iliyotiwa saini Oktoba 1972, miaka mitatu kabla Roberts hajaingia kwenye ofisi yake Sacramento.