Charlotte Friend na seli zilizogeuka nyekundu

Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, imezoeleka kuwa siku ya kuhimiza upimaji na uchangiaji damu. Tangu mwishoni mwa 2023 umezuka na ubishi mpya: tiba iitwayo Casgevy, inayohariri vinasaba vya mgonjwa ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile tuliyozaliwa nayo. Uingereza iliiidhinisha Novemba mwaka huo, Marekani ikafuata Desemba. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Ubishi wa bei una haki yake. Ila sijamsikia mtu akiuliza tiba hiyo imepitia wapi hadi kutufikia. Njia yake ni ndefu, na sehemu moja inapita kwenye vizimba vya panya weupe wa mwanamke wa New York ambaye wataalamu wenzake walimbeza.

Kwanza tuelewe shida iliyowakabili watafiti wa damu. Chembe nyekundu ya damu huzaliwa ndani ya uloto wa mifupa, hujijaza himoglobini, hutema kiini chake, kisha huingia mishipani kufanya kazi kwa siku 120 hivi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe kama milioni 2 kila sekunde. Lakini yote hayo hufanyika gizani, mfupani. Ukichota uloto na kuuweka maabara, seli zake hukua kidogo, hukomaa, hufa. Mtafiti alihitaji seli changa isiyokufa, ambayo angeweza kuiamuru ikomae akiwa anaitazama.

Charlotte Friend alizaliwa New York mwaka 1921, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi. Baba alifariki binti akiwa na miaka 3. Alisoma Chuo cha Hunter, akatumikia jeshi la wanamaji wakati wa vita, akapata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1950, kisha akaajiriwa taasisi ya Sloan-Kettering. Huko ndiko alikoona panya wake wakivimba bandama na ini baada ya kudungwa majimaji yaliyochujwa hadi hayakuwa na seli hata moja. Kama hakuna seli, basi kilichopita kwenye chujio ni virusi.

Mwaka 1956 alipanda jukwaani Atlantic City, kwenye mkutano wa mwaka wa watafiti wa saratani wa Marekani, akayasema hayo. Alikuwa na miaka 35. Ukumbi ulimshukia. Wakati ule, kusema kwamba saratani ya damu ya mnyama anyonyeshaye huletwa na virusi kulikuwa karibu sawa na kusema imeletwa na jini. Miaka 5 kabla yake, mtafiti Ludwik Gross alikuwa amedai jambo kama hilo kwa panya vichanga, na wengi waliojaribu kurudia kazi yake wakashindwa, wakamwona mzushi. Sasa huyu binti anakuja na kusema panya wakubwa nao wanaambukizwa! Leila Diamond, aliyeandika wasifu wa Friend kwa ajili ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, ndiye ninayemfuata hapa, na nakiri naegemea upande alikoegemea yeye. Sioni aibu. Waliombeza walikuwa na vyeo. Friend alikuwa na panya wagonjwa, na wale panya hawakujua siasa za ukumbini. Makala yake ilichapishwa 1957, wengine wakajaribu wenyewe, wakapata yale yale. Kelele zikaisha.

Virusi vile vilikuwa na tabia ya pekee: vilishambulia seli zilizokuwa njiani kuwa chembe nyekundu, zikakwama ujanani, zikawa zinagawanyika bila kukoma. Friend alihamia Mount Sinai 1966, akiwa na seli hizo zikiota kwenye chupa. Mwaka 1971, yeye na wenzake watatu walitoa taarifa fupi. Walizitia seli kimiminika kiitwacho DMSO, kiyeyushi cha kawaida chenye asili katika viwanda vya karatasi. Baada ya siku chache seli zilizokwama zilianza kutengeneza himoglobini. Zilipokusanywa chini ya neli, zilikuwa nyekundu kwa macho matupu.

Fikiria maana yake. Seli ya saratani imekumbushwa kazi yake, ikaifanya. Na kwa mara ya kwanza hatua za kuzaliwa kwa damu zingeweza kuanzishwa kwa saa, Jumatatu asubuhi ukitaka. Watafiti Paul Marks na Richard Breslow walipofuatilia kwa nini DMSO hufanya hivyo, waliishia kwenye vorinostat, dawa ya saratani iliyoidhinishwa 2006.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Mwaka 1975, huko Tennessee, ziliripotiwa K562, seli za mwanamke wa miaka 53 aliyekuwa na saratani ya damu. Hizo hutengeneza himoglobini ya mimba na ya utotoni. Mwaka 2013 Wajapani wa Tsukuba wakatoa seli nyingine zisizokufa, HUDEP-2, kutokana na damu ya kitovu. Watafiti wa Bristol, Uingereza, wakaleta zao, BEL-A, mwaka 2017. Katika HUDEP-2 ndimo watafiti wa Boston, mwaka 2015, walimokatakata swichi ya BCL11A, kinasaba kinachozima himoglobini ya utotoni, kipande kwa kipande hadi wakapata pa kugusa. Hapo hapo ndipo Casgevy inapokata.

Kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na Muhimbili imefanya utafiti wa ugonjwa huu kwa miaka mingi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini seli hizi mashuhuri zimetoka New York, Tennessee, Tsukuba na Bristol, wakati wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika. Hilo linaniudhi, na liwaudhi pia wanaopanga bajeti za utafiti.

Friend alifariki Januari 1987, kwa saratani ya tezi za limfu. Vitabu vya shule nilivyosoma havimtaji. Walimu wa baiolojia, mkifika somo la damu, andikeni jina lake ubaoni.