Mfahamu Ionides, 'Bwana Nyoka' wa Newala

Unamjua Bwana Nyoka? Ni C.J.P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 1901. Alikuwa askari, kisha bwana nyama, na ni mmoja wa walioijenga Selous kuwa pori la akiba kubwa.

Baadaye alihamia Newala. Watu wakiona koboko wa kijani mtini au kifutu karibu na nyumba, yeye alikuwa akija kumkamata akiwa hai.

Mwaka 1950 wanasayansi walimpa jina lake kiumbe wa kusini mwa Tanzania, jamaa wa mijusi asiye na miguu. Kumbe si nyoka peke yao waliopoteza miguu! Ukimchimbua shambani usimuue, hana sumu.

Ionides alifariki mwaka 1968.