Vidole Viwili

Wiki ya pili darasani, mwalimu aliutazama mkono wangu wa kulia, kisha akaniuliza, "Na hivyo vidole vingine umeviacha nyumbani?"

Nilikuwa nimejifunza gita miezi minane kwa simu, ndani ya bedsita, nikirudia video ileile mpaka bando iishe. Nilipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Nikamjibu kwamba George Mukabi alipiga hivyo hivyo. "Basi nenda Mukabi akufunze," akasema, akaendelea na mwanafunzi mwingine.

Mukabi alifariki 1963. Lakini swali lilinikaa kichwani: yeye, na wenzake wa enzi zile, walifunzwa na nani?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili: gumba linashika besi, shahada inatembeza wimbo juu yake. Ukisikiliza "Masanga" unaweza kuapa kuna watu wawili. Santuri zake zilipendwa sana hapa Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akafika Nairobi mwenyewe. Mwenzake Edouard Masengo pia alikuja. Sasa wapiga gita wa hapa wakapata kitu ambacho santuri haina: nafasi ya kuuangalia mkono.

Magharibi mwa Kenya, kwa akina Mukabi, vidole viwili vilikuwa na nyumba yao, omutibo. Gita kavu, na kando yake mtu anagonga chupa ya Fanta. Tunapenda kusema hawa wazee walijifunza wenyewe. Mimi naona huo ni ukweli nusu. Kijana alikaa karibu na mkubwa wake kwenye harusi au matanga, akaiba kwa macho, akaenda kujaribu, akarudi kuchekwa. Hakulipa ada, sawa, lakini hakuwa peke yake. Kicheko cha mpigaji mzoefu ni somo pia. Video yangu ilinionyesha mkono wa mtu miezi minane mizima, na siku hata moja haikuuona wangu.

Na bado simpi mwalimu wangu ushindi wote. Wazia angekuwako enzi hizo, na kila kijana wa vidole viwili angemwambia alete vilivyobaki. Omutibo tungeipata wapi? Ila, kusema kweli, kifundo cha mkono kilikuwa kikiniuma tangu mwezi wa tatu wa video, na yeye alikiponya kwa wiki moja. Alinishusha bega, basi.

Kuna kisa kimoja ambacho huwa nakirudia. Mtafiti David Rycroft aliandika makala kuhusu upigaji wa Mwenda, zikatoka 1961 na 1962, na sauti za santuri akaziandika kwa nota. Yaani kila kitu kilikuwa tayari: rekodi ipo, maandishi yapo. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, Mwingereza John Low, mpiga gita, alifunga safari hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kuwatafuta wazee wa mtindo ule na kujifunza kwao. Kitabu chake, Shaba Diary, kilitoka 1982. Sikio linakuambia ni noti gani imelia. Ni kidole gani kimeilia, na kwenye uzi upi, hapo unakisia tu.

Darasani sijaacha. Mbele ya mwalimu napiga kwa vidole vinne. Lakini nimesikia kuna mzee Kawangware anayepiga omutibo, na Jumapili alasiri huwa hatoki nyumbani. Nimemwomba jirani anipeleke. Ameniambia nibebe gita, na chupa ya Fanta isiyo na soda.