Uchunguzi wa Kisayansi wa Jinai: Safari ya Kielelezo Kutoka Kijijini Hadi Mahakamani

Uchunguzi wa kisayansi wa jinai ni matumizi ya kemia, baiolojia, tiba na fani nyingine za sayansi katika kutafuta ukweli wa tukio linalodhaniwa kuwa la kihalifu. Matokeo yake huwasilishwa mahakamani kama ushahidi wa kitaalamu. Ingawa uchunguzi wenyewe hufanyika maabara, mafanikio yake hutegemea kwa kiasi kikubwa yanayotendeka kijijini kabla mpelelezi hajafika. Katika kata kama Kasoli, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, mtu wa kwanza kufika eneo la tukio kwa kawaida huwa jirani, mwenyekiti wa kitongoji au mlinzi wa sungusungu. Hao ndio walinzi wa kwanza wa ushahidi.

Taasisi zinazohusika

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyo chini ya Wizara ya Afya, ina chimbuko lake katika maabara iliyoanzishwa mwaka 1895, enzi za utawala wa Wajerumani. Hadhi ya Mamlaka ilitolewa na Sheria Na. 8 ya mwaka 2016. Mamlaka huchunguza sumu, dawa za kulevya, kemikali na vinasaba. Mkoa wa Simiyu unahudumiwa na Ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza.

Jeshi la Polisi nalo lina kamisheni ya uchunguzi wa kisayansi, ambayo wataalamu wake hushughulikia alama za vidole, maandishi na saini, silaha na risasi, nyaraka zinazodaiwa kughushiwa pamoja na vifaa vya kielektroniki.

Matumizi ya vinasaba vya binadamu yanaongozwa na Sheria Na. 8 ya mwaka 2009. Maombi ya kipimo hicho hupitia mamlaka zinazotambuliwa kisheria, miongoni mwao zikiwa mahakama, polisi, wakili na afisa ustawi wa jamii.

Saa za kwanza baada ya tukio

Katika jamii ya Wasukuma, mwano, yaani yowe la kuitana wakati wa hatari, huwatoa watu majumbani kwa dakika chache. Utaratibu huo umeokoa maisha na mali nyingi. Hata hivyo, umati unapoingia eneo la tukio, nyayo za mhalifu hufunikwa na nyayo za waokoaji, panga lililodondoshwa hushikwa na mikono mingi, na damu iliyomwagika hufukiwa kwa mchanga kwa nia njema ya kusitiri.

Njia sahihi ni kumsaidia majeruhi kwanza, kisha kuzuia watu kuingia eneo hilo hadi polisi wafike. Silaha, chupa, nguo au simu iliyoachwa haipaswi kuokotwa. Ikiwa mvua inakaribia, alama ya kiatu inaweza kufunikwa kwa beseni bila kuigusa. Majina ya waliofika mapema yaandikwe, kwa kuwa wapelelezi watahitaji kutofautisha alama zao na za mtuhumiwa.

Nguo zenye damu au majimaji ya mwili hukaushwa kivulini na kufungashwa katika karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, nao huotesha ukungu na bakteria wanaoharibu vinasaba. Kazi hiyo ni ya mpelelezi au mhudumu wa afya. Mwananchi asiifanye isipokuwa pale anapoelekezwa.

Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo

Kielelezo kinachotoka kijijini hupita mikono mingi: askari aliyekichukua, mtunza vielelezo wa kituo, msafirishaji, mpokeaji wa maabara, mchunguzi, kisha hurudi kituoni na hatimaye kufikishwa mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ilieleza umuhimu wa kuweka kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa wakati, zinazoonesha nani alikishika kielelezo, lini, na alimkabidhi nani. Lengo ni kuihakikishia mahakama kuwa kitu kilicho mbele yake ndicho kilichochukuliwa eneo la tukio, na kwamba hakikubadilishwa wala kuchafuliwa.

Katika maamuzi ya baadaye, Mahakama hiyo imefafanua kuwa ukali wa sharti hili hutegemea aina ya kielelezo. Unga unaodhaniwa kuwa dawa za kulevya hubadilishwa kwa urahisi, hivyo huhitaji lakiri, lebo na saini katika kila hatua. Kitu kisichobadilishika kirahisi kinaweza pia kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo unaoaminika.

Vifo vyenye utata

Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba, na viuatilifu vya zao hilo huhifadhiwa katika kaya nyingi. Mtu akifariki ghafla baada ya kula, mabaki ya chakula, matapishi na chombo kilichotumika ni vielelezo muhimu. Daktari anapofanya uchunguzi wa maiti anaweza kuchukua sampuli za ini, damu au vilivyomo tumboni ili zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mazishi yakifanyika kabla ya hapo, kufukua mwili huhitaji kibali cha mahakama, na baadhi ya sumu huwa zimekwishatoweka.

Umuhimu wa jambo hili unavuka mipaka ya mashtaka. Katika Kanda ya Ziwa, wazee, hususan wanawake, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi baada ya kifo ambacho chanzo chake hakikufahamika. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, hali inayoweza kusababishwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Taarifa ya daktari inayoeleza kuwa marehemu alikufa kwa ugonjwa au kwa sumu inaweza kuzima tuhuma hizo kabla hazijazaa kifo cha pili.

Makosa ya kujamiiana

Mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono anashauriwa kutooga wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na mtaalamu wa afya, na afike kituoni mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72. Muda huo ndio pia ukomo wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza baada ya uchunguzi.

Aliyechelewa asikate tamaa. Mahakama ya Rufani imeeleza mara kadhaa kuwa ushahidi bora katika kosa la kubaka hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Hivyo, kukosekana kwa vinasaba peke yake hakufuti shauri.

Sayansi mbele ya hakimu

Maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama. Hakimu au jaji huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na upande wa mashtaka hubaki na wajibu wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Mshtakiwa ana haki ya kusikia taarifa ya kitaalamu ikisomwa na kuomba aliyeiandaa aitwe ili ahojiwe. Aidha, alama ya kidole mlangoni huthibitisha kuwa mtu aliugusa mlango huo. Haielezi aliugusa lini wala kwa nia gani.

Sayansi hiyo humlinda pia asiye na hatia. Nchini Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya msichana yaliyotokea mwaka 1986. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa na Profesa Alec Jeffreys vilionesha kuwa hakuhusika, na mhusika halisi alihukumiwa mwaka 1988.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wanahimizwa kutoa taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji, Mkaguzi Kata wa Polisi au kwa kupiga namba ya dharura 112, kulinda eneo la tukio, na kukubali kufika mahakamani wanapoitwa kueleza walichokiona. Maabara haiwezi kurejesha kielelezo kilichooshwa, kukanyagwa au kuzikwa. Kinachohifadhiwa Kasoli siku ya tukio ndicho kitakachochunguzwa Mwanza na kusikilizwa mahakamani.